Kwenda Mafia msimu wa mvua: panga safari kwa upepo na maji

Kila masika yanapokaribia, wanaopanga kwenda Mafia hutuuliza swali moja: mvua itakoma lini? Swali hilo lina haki yake, maana kisiwa hiki ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi katika ukanda wetu wa pwani. Lakini kwa msafiri si swali la kwanza. Mvua itakulowesha na kukuchelewesha. Chombo huhatarishwa na upepo na mawimbi, na hivyo viwili havifuati kalenda ya mvua.

Masika ya pwani ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Upepo una misimu yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kusi huingia Aprili na kushika mpaka Septemba, na katikati yake kuna maleleji, wakati bahari inapopoa. Aprili na Mei, basi, mvua kubwa hukutana na kusi inayoanza kupata nguvu. Hicho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote kwa safari ya Mafia, na hata hoteli kadhaa za watalii hufunga milango.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni Juni na Julai. Mvua imekwisha, jua linawaka, anga ni safi, na msafiri anaona hana la kuhofia. Kumbe kusi ndiyo kwanza imekolea. Meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, masika yakiwa yameshapita zamani. Mbingu iliyo wazi haikuambii hali ya mkondo wa bahari ulio mbele yako.

Mwenye uhuru wa kuchagua, nitamshauri aende kati ya Oktoba na Februari. Mvua za vuli zipo, lakini kwa kawaida ni nyepesi kuliko za masika, na huo ndio msimu wa papa potwe karibu na Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Wengi hawachagui. Mwalimu amepangiwa kituo kipya, mfanyabiashara ana mzigo, na msiba haungoji kaskazi. Hao ndio ninaowaandikia hasa.

Jambo la kwanza ni kujua kusoma taarifa. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolewa kwa ngazi tatu: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Msimu wa kusi utakutana mara kwa mara na angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, kwa mikoa ya pwani ikiwemo visiwa vya Mafia. Watu wengi huisoma hiyo mita 2 kama kikomo, kwamba hakuna wimbi litakalopita hapo. Sivyo. Katika utabiri wa bahari, kimo cha mawimbi ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Ndani ya saa chache za safari, yapo machache yatakayokaribia maradufu ya kimo hicho. Kwa kivuko kikubwa hilo linavumilika. Kwa mashua au boti ndogo ya fibreglass iliyosheheni magunia na watu, angalizo peke yake linatosha kuahirisha safari, na nalisema hilo bila kigugumizi.

Tena, wimbi moja halifanani na jingine. Mkondo wa maji ukienda upande upepo unakotoka, mawimbi hufupika na kusimama wima, na chombo hupigwa mfululizo bila nafasi ya kupanda na kushuka taratibu. Manahodha wa Mafia wanalijua hili tangu utotoni. Ukimsikia nahodha anasema tusubiri maji yageuke, usimharakishe.

Maji yenyewe ndiyo yanayoamua ratiba. Njia ya wengi ni Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala hadi Bungu, kisha kushoto mpaka Nyamisati, bandari iliyo kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na hapo ndipo unapovuka kwenda Kilindoni. Kwenye vijito vya delta, chombo hutegemea maji kujaa. Maji hayo huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya kuondoka aliyokupa rafiki yako wiki iliyopita haina kazi tena. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hupita mita 3, na mikondo huwa na nguvu zaidi kuliko wakati wa maji mafu. Piga simu jana yake, uliza maji yanajaa saa ngapi. Ulizia pia hali ya barabara kati ya Bungu na Nyamisati kama mvua imenyesha mfululizo.

Kuna tukio ambalo kila anayepanga safari ya Aprili au Mei anapaswa kulikumbuka. Tanzania iko karibu na ikweta kiasi kwamba vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida huishia kusini yetu, Msumbiji na Madagaska. Lakini tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia kwenyewe. Taarifa zilianza kutolewa siku kadhaa kabla, usafiri wa baharini ukasitishwa, na mvua zilizofuata zikaikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Aliyekuwa na safari siku hizo hakuwa na njia ya maji wala ya lami kuelekea kusini. Kimbunga cha namna hiyo ni nadra, ila kinaonyesha jinsi bahari na barabara zinavyoweza kufungwa kwa pamoja.

Ndiyo maana weka siku za akiba, kwenda na kurudi. Mbili ni chache kwa masika, tatu ni afadhali. Anayetoka Muscat au Ulaya kuwaona ndugu asikate tiketi ya ndege ya kimataifa kwa siku ileile anayotoka kisiwani. Ndege ndogo za Dar es Salaam hadi Kilindoni hutumia kama nusu saa tu, lakini nazo huzuiwa na mawingu mazito na radi. Anayetumia dawa za kila siku, za presha, kisukari au ARV, abebe za wiki moja zaidi na azifunge ndani ya mfuko wa nailoni. Chandarua, pesa taslimu na kurunzi visikosekane. Mtandao na umeme vikiyumba, pesa ya kwenye simu haikufikishi popote.

Asubuhi ya safari, fungua taarifa ya siku hiyohiyo, maana utabiri wa siku tano uliosoma Jumatatu umeshabadilishwa mara kadhaa kufikia Alhamisi. Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya abiria, na la mtoto pia, kwa sababu waokoaji huitumia orodha hiyo kujua wanamtafuta nani. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa kamba kabla chombo hakijang'oa nanga, na mtoto apewe la ukubwa wake. Halipo? Shuka, usubiri chombo kingine.