Ng'ombe wa Miguu Mitano: Kazi za Sanaa za Kufanya Nyumbani na Watoto Wadogo

Nilikuwa nimekaa barazani kwa familia moja nje kidogo ya mji wa Dodoma, barabara ya kwenda Kondoa. Binti yao wa miaka minne alikuwa amechuchumaa anafinyanga ng'ombe kwa udongo mwekundu. Alipobandika mguu wa tano, mama yake akanyoosha mkono akaung'oa. "Ng'ombe ana miguu minne, mama," akamwambia kwa upole kabisa. Mtoto hakulia. Alijifuta mikono kwenye gauni, akaenda kukaa kizingitini, na ule udongo hakuugusa tena. Baadaye nikamsogelea nikamuuliza ule mguu ulikuwa wa nani. Akanijibu kwa sauti ndogo: "Wa ndama. Yuko tumboni, anataka kutoka."

Mama yule anampenda mwanawe, na nia yake ilikuwa kufundisha. Lakini katika kazi yetu ya kuwaandaa walimu wa awali na walezi wa watoto, hili ndilo tunalolirudia kila mara: uliza kwanza kabla ya kusahihisha. "Niambie, hapa umetengeneza nini?" Swali hilo moja linampa mtoto maneno, linampa ujasiri, na linakuonyesha wewe mzazi mambo yaliyomo kichwani mwake ambayo usingeyaona. Miguu minne ya ng'ombe atajifunza tu, maana ng'ombe anawaona kila siku.

Serikali ilipozindua hapa Dodoma, Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ililenga watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8. Kati ya mambo yake matano makuu, ujifunzaji wa awali umewekwa sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Wazazi wengi wakisikia "ujifunzaji" wanafikiria daftari. Kwa mtoto wa miaka mitatu, kujifunza ni kukanda, kuchana, kubandika, kutunga na kuchora chini. Vidole vinavyokanda udongo leo ndivyo vitakavyoshika penseli kesho kutwa, na vidole visivyopata kazi huchoka haraka sana mwalimu anapoanza kufundisha herufi.

Nianze na udongo, kwa sababu tunao na ni bure. Wengine hupendekeza donge la unga wa ngano na chumvi. Linafaa, ila katika mkoa wetu, ambao mvua zake ni za msimu mmoja na zikikosea watu wanalala njaa, mimi siwashauri wazazi wampe mtoto unga achezee. Udongo wa kichuguu unatosha na ni laini. Auchimbe mtu mzima, maana kichuguu huwa na nyoka, na uchimbwe mbali na choo na zizi. Utwange, uchekeche kwa chekeche la zamani kutoa kokoto, uloweke usiku kucha, kisha uukande mpaka usigande mikononi. Kuupima ni rahisi: viringisha kijoka chenye unene wa kidole, kikunje kiwe pete. Kikipasuka, udongo unataka maji kidogo au kukandwa zaidi. Udongo mweusi wa mbuga wenyewe hupasuka vibaya ukikauka, lakini ukiuchanganya na mchanga laini unatulia.

Kosa linaloumiza watoto wengi ni kuanika kazi juani. Jua na upepo wa Dodoma hukausha nje upesi wakati ndani bado kubichi, na jioni ng'ombe amepasuka mgongo. Anika kivulini siku mbili tatu, na siku ya kwanza mfunike kwa kitambaa kibichi. Mtoto akishazoea ng'ombe na vyungu, mwalike ajenge tembe, ile nyumba ya zamani ya udongo: kuta nne fupi, vijiti vya kupanga juu, halafu udongo wa kusawazisha paa. Mwite bibi au babu aje aeleze nyumba ile ilivyokuwa ndani, ndama walilala wapi, nafaka iliwekwa wapi. Nimeona babu ambaye hakuwa na la kusema na mjukuu wake akikaa naye saa nzima kwenye kazi hiyo.

Rangi nazo hazihitaji duka. Kule Kolo, wilayani Kondoa, kuna michoro ya kale ya watu, twiga na wanyama wengine kwenye miamba, mingi yake kwa rangi nyekundu, na eneo hilo liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mwambie mtoto habari hiyo mnapochekecha udongo mwekundu, ajue kwamba kuchora kwa ardhi ya hapa si jambo geni. Udongo mwekundu uliochekechwa unatoa nyekundu, mkaa uliosagwa unatoa nyeusi, na majivu meupe yaliyopoa yanatoa nyeupe. Ila majivu uyashike wewe mzazi tu, ukiwa umevaa glavu au umefunga mfuko mkononi, kwa kuwa yakilowa yanawasha ngozi. Mtoto mpe unga wa chaki badala yake. Manjano ya jikoni inatoa njano inayong'aa. Ili rangi ishike karatasi, ichanganye na gundi ya unga: vijiko viwili vya unga wa muhogo ndani ya nusu kikombe cha maji baridi, koroga kusiwe na madonge, bandika motoni ukiendelea kukoroga mpaka iwe nzito na kung'aa. Ikipoa ni gundi ya kubandikia, na ukiipunguza kwa maji ni ya kuchanganyia rangi. Hukaa siku mbili, kisha inaanza kunuka, mwaga.

Rozela ndiyo inayowashangaza watoto kuliko zote. Loweka maua makavu kwenye maji ya moto, yakipoa gawanya vikombe vitatu. Kimoja kamulia ndimu, nyekundu inakuwa kali. Kimoja acha kilivyo. Cha tatu, mtu mzima atie magadi kidogo tu kwa ncha ya kijiko, na rangi itageuka mbele ya macho yao, ielekee bluu au kijani. Usieleze lolote mapema. Waache wakisie kwanza, kisha wachore.

Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha, au unyoya wa kuku uliooshwa kwa sabuni. Karatasi ni upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana, au boksi lililofunguliwa. Mifuko ya saruji iacheni. Vumbi lake linaunguza ngozi na macho. Ndala iliyokatika nayo ni mali: kata soli yake kwa kisu, wewe mzazi, itokee nyota, samaki au herufi ya kwanza ya jina la mtoto, ibandike kwenye kipande cha ubao, mtoto achovye kwenye rangi apige mihuri. Kwa fundi cherehani omba vipande vya vitenge vya kubandika. Gunzi la hindi na nywele zake ni mwanasesere tayari, linasubiri kuvalishwa tu.

Na siku ambayo hamna chochote, na mama ana kazi, uwanja uliofagiwa asubuhi ni ubao mkubwa kuliko wa shule yoyote. Mpe kijiti. Mtoto wa miaka miwili atachora mistari ya ovyo, na ni sawa. Karibu na mitatu ataanza kufunga duara. Kati ya mitatu na minne atachora mtu ambaye miguu inatoka kichwani moja kwa moja, hana tumbo. Usicheke wala usiongeze tumbo, hivyo ndivyo watoto karibu wote wanavyoanza. Msalaba na mraba hufuata, pembetatu huja karibu na miaka mitano. Wanatofautiana, kwa hiyo usimpime na wa jirani. Lakini ukiona mtoto aliyekuwa akishika vitu ameacha, au mkono mmoja hautumii kabisa, mpeleke kliniki. Na anayetumia mkono wa kushoto aachwe nao.

Usalama nausisitiza kwa moyo wote, kwa sababu ajali hutokea wakati kila mtu anacheka. Mtoto wa chini ya miaka mitatu huweka kila kitu mdomoni, hivyo visoda, vifungo, shanga na mbegu havimfai. Harage likiingia puani hunyonya unyevu na kuvimba. Usilichokonoe, nenda kituo cha afya. Mbegu za mnyonyo ni sumu, na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi pia, ingawa zinavutia kutunga mkufu. Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa zenye rangi zisiingie kwenye michezo hata moja, wala makopo ya viuatilifu hata yameoshwa mara kumi. Kwenye nyumba zetu nyingi ua ni wa minyaa: utomvu wake mweupe ukiingia machoni unaumiza vibaya, kwa hiyo vijiti vya kuchorea visitoke huko. Ukiingia, osha jicho kwa maji mengi safi papo hapo, kisha mwahishe hospitali.

Maji ni shida kwa wengi wetu, basi tenga beseni moja la kunawia, na mkimaliza mwagieni mti. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, maana udongo hubeba mayai ya minyoo.

Mkimaliza, tundika kazi kwenye kamba ya kuanikia nguo, urefu wa macho ya mtoto, na nyuma yake andika tarehe na maneno aliyoyasema mwenyewe, yalivyo. "Ndama anataka kutoka." Vile vya udongo vitavunjika, na haina neno: havijachomwa, vikilowekwa vinarudi kuwa udongo wa kufinyanga. Ila kabla hujamtia ng'ombe wake kwenye ndoo, muulize kama yuko tayari. Akisema bado, mrudishe ng'ombe dirishani.