Kufuata mkumbo: maswali na majibu

Kwa nini mtu mwenye akili timamu hufuata kundi hata anapojua limekosea?

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani alichapisha jaribio lililo rahisi kupita kiasi. Mshiriki anaonyeshwa mistari mitatu, aseme upi unalingana na ule wa mfano. Jibu linaonekana wazi. Asichokijua ni kwamba wenzake wote chumbani wamepangwa, na mara kwa mara wanataja kwa sauti jibu lisilo sahihi. Takriban robo tatu ya washiriki walilifuata kosa hilo angalau mara moja. Baadhi yao walieleza baadaye kwamba waliliona jibu sahihi ila waliona haya kujitenga. Wengine walianza kuyatilia shaka macho yao wenyewe, na hapo ndipo pa kuogopa zaidi.

Mimi sijawahi kulazimishwa na mtu. Shinikizo linanihusu?

Linakuhusu. Mara nyingi hakuna anayesema neno. Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley walipenyeza moshi kwenye chumba ambamo watu walikuwa wakijaza fomu. Kati ya waliokuwa peke yao, robo tatu walitoka kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili waliopangwa kutulia tu, ni mmoja kati ya kumi aliyefanya hivyo. Ndivyo mtu anavyoweza kuanguka ghafla mbele ya umati asisaidiwe, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Ni tatizo la vijana?

Kwao ni kali zaidi, hasa wakiwa mbele ya wenzao. Watu wazima nao hawajapona. Hulificha vizuri tu.

Marafiki zangu wananywa sana. Nitakataaje bila kuwapoteza?

Amua kabla hujafika, kwa sababu ukisubiri glasi iwe mkononi umechelewa. Jibu liwe fupi: "Leo sinywi." Ukianza kutoa sababu, kila sababu itajibiwa. Kisha tafuta mmoja wa kusimama nawe. Kwa Asch, mtu mmoja tu aliyetoa jibu sahihi alitosha kupunguza sana idadi ya waliofuata kosa. Huenda mwingine pale naye hataki, ila anadhani yuko peke yake.

Wakikutisha, wakikupiga au wakikunywesha kwa nguvu, huo ni ukatili. Ondoka, umwambie mtu unayemwamini.