Kigoma Ujiji: hela ya halmashauri ni ya nani hasa?

Juzi nipo mwaloni Kibirizi na madaftari yangu, mama mmoja muuza dagaa akaniambia mwanangu wewe si ndo unasomea mambo ya halmashauri, hebu mwambie diwani wetu atutengenezee hii barabara. Nikamwambia mama, hela ya barabara haipiti kwa diwani, tangu 2017 barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Akanyamaza. Ushuru analipa, barabara anaiona mbovu, na diwani ndo mtu anayemjua mpaka kwake, sasa amuulize nani mwingine?

Hapo hapo ndo watafiti wengi wanaotaka kujua chama kinabadilisha nini kwenye halmashauri wanapoteleza. Mwaka 2015 chama cha ACT Wazalendo kilichukua baraza la manispaa, kwa hiyo mtu anachukua matumizi ya kabla na ya baada, anatoa tofauti, anaandika hiyo ndo kazi ya chama. Lakini 2016 kodi ya majengo ikaanza kuhamishiwa TRA, mamlaka ya mapato (siku hizi unakatwa ukinunua umeme wa LUKU), mwaka uliofuata barabara nazo zikaondoka, alafu kuna lami za mradi wa miji ya kimkakati wa Benki ya Dunia ulioanza 2010, yaani kabla hata hicho chama hakijazaliwa. Lami ikionekana 2016 utampa nani sifa? Mimi siwezi kumpa yeyote.

Na mishahara ya walimu na manesi ndo inakula sehemu kubwa ya bajeti, inatoka Hazina, madiwani wanaipitisha tu. Mkurugenzi anateuliwa na rais. Kinachobaki cha kugombania kweli ni mapato ya ndani, leseni, ushuru wa soko na kadhalika, na humo tena asilimia 10 sheria imeshaikata kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo jumla ya bajeti nimeachana nayo kabisa. Nafuata maboma, yaani majengo ambayo hayajaisha. Wananchi wamechanga, wamefyatua tofali, wamenyanyua kuta za darasa au zahanati, wanasubiri halmashauri ipaue, na hela ya kupaua yote haiwezi kutosha hata siku moja. Basi naomba mihtasari ya kamati ya fedha, naipanga kata kwa kata, naangalia boma la nani lilipata bati kwanza, lipi limeota majani miaka mitatu, na diwani wa kata hiyo alikuwa amekaa kamati gani.