Ikoni ya tovuti yako kwenye kivinjari: dhana potofu na ukweli

Kile kipicha kinachokaa kando ya jina la tovuti juu ya kichupo huitwa favikoni. Kukiweka ni kazi ya dakika chache, ila maneno yanayosemwa juu yake ni mengi kuliko kazi yenyewe.

"Bila kuandika msimbo, ikoni haitokei."

Si lazima. Tangu Microsoft ilipotoa Internet Explorer 5 mwaka 1999, vivinjari vimezoea kwenda vyenyewe kwenye mzizi wa tovuti, yaani folda yake kuu, kutafuta faili inayoitwa favicon.ico. Iweke hapo, umemaliza. Enzi hizo faili iliombwa pale mtu alipoihifadhi tovuti kwenye vipendwa vyake, basi mwenye tovuti akawa anapekua kumbukumbu za seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) na kukisia ni wangapi waliomhifadhi. Siku hizi vivinjari huiomba hata mtu akipita tu. Ndiyo maana tovuti isiyo na ikoni huwa na 404 (hitilafu ya "faili haikupatikana") tele kwenye kumbukumbu zake, za faili ambayo mwenyewe hajaitaja popote. Usihangaike, hujavamiwa.

Msimbo unahitajika faili ikiwa na jina jingine au ikikaa kwenye folda nyingine. Ni mstari mmoja ndani ya head, sehemu ya mwanzo ya HTML ya ukurasa:

`<link rel="icon" href="/picha/nembo.png">`

Lile neno "shortcut" kabla ya "icon" lililojaa kwenye mafunzo ya zamani halina kazi. Lifute.

"Lazima iwe .ico."

Picha ya aina ya PNG inakubalika kila mahali, na Chrome inasoma SVG (picha isiyofifia ikikuzwa) tangu toleo la 80 la mwaka 2020. Faida ya ICO ni kubeba vipimo kadhaa ndani ya faili moja. Kubadilisha jina la PNG liishie na .ico hakuigeuzi kuwa ICO. Mara nyingi inaonekana tu kwa sababu kivinjari huchungulia kilichomo ndani.

"Nimeipakia na haionekani, basi picha ni mbovu."

Picha ndiyo ya mwisho kushukiwa. Andika anwani ya faili yenyewe kwenye kivinjari uone. Ikifunguka picha mpya, na msimbo wa ukurasa unaelekeza kwenye anwani hiyo hiyo, kivinjari kinakuonyesha nakala ya zamani: favikoni huhifadhiwa kivyake, hivyo kupakia upya ukurasa mara nyingi hakusaidii. Ongeza `?v=2` mwishoni mwa anwani kwenye msimbo, kivinjari kitaiona kama faili mpya.

Isipofunguka, kagua njia ya faili. Mkwaju (/) wa mwanzoni humaanisha mzizi wa tovuti, na hapo wanaotumia GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, hukwama sana: mradi uko ndani ya folda, lakini `/favicon.ico` inatafutwa nje yake. Kisha angalia herufi. Kwenye kompyuta yako ya Windows, Favicon.ico na favicon.ico ni faili moja. Kwenye seva ya Linux ni mbili. Hapo ndipo ile "mbona nyumbani ilikuwa inafanya kazi" inapozaliwa.

"Unahitaji picha za vipimo ishirini."

Zana za mtandaoni hupenda kukupa furushi zima. Kwa tovuti binafsi, naona favicon.ico moja inatosha, na ukipenda SVG. Ongeza PNG ya pikseli 180 kwa 180 kwa wanaoiweka tovuti kwenye skrini ya iPhone. Hiyo ipe rangi ya nyuma, na usiikate kona; simu inazikata yenyewe.

"Nembo nikiipunguza, imetosha."

Pikseli 16 kwa 16 ni vidoa 256 tu. Jina lako kamili halisomeki humo. Chukua herufi moja nene, kisha uijaribu kwenye mandhari meusi, maana herufi nyeusi isiyo na rangi ya nyuma humezwa kabisa.

"Tovuti yenye kufuli kwenye kichupo ni salama."

Hii inawahusu wageni wako zaidi. Favikoni huchaguliwa na mwenye tovuti, awe mwema au tapeli, na zamani, ilipokuwa ikikaa ndani ya upau wa anwani, walaghai waliweka picha ya kufuli ili ifanane na alama ya usalama ya kivinjari. Mwaka 2012, katika toleo la 14, Firefox iliiondoa favikoni kwenye upau huo na kuibakiza kwenye kichupo.