Mshono Umekauka, Maumivu Bado Yapo: Maswali ya Akina Mama Baada ya Upasuaji wa Kizazi

Wiki ya sita baada ya operesheni, mama anarudi kliniki. Daktari anatazama mshono, anabonyezabonyeza tumbo, anaandika kwenye daftari kwamba kidonda kimepona. Mama anajifunga kanga yake, anashukuru, na akishafika mlangoni ndipo anageuka na kuniambia kwa sauti ya chini: "Lakini dada, hapa pembeni pananiunguza."

Mimi ni muuguzi, na nimekaa miaka mingi kwenye wodi na kliniki za akina mama. Maswali ninayoyajibu hapa ni yale ya mlangoni. Wanaoyauliza walitolewa kizazi, uvimbe wa fibroidi au kifuko cha mayai. Wengine walijifungua kwa upasuaji, ambao nao hupita kwenye ukuta uleule wa tumbo.

"Nesi, nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, huu ni mwezi wa tano. Kona ya kulia ya mshono panawaka kama nimepakwa pilipili, na nikigeuka kitandani napigwa shoti hadi kinenani. Wamebakiza kitu ndani?"

Swali hilo la kubakiza kitu ndani nalisikia mara nyingi, na kwa maelezo yako sidhani ndilo jibu. Sikiliza maneno uliyotumia mwenyewe: pilipili, shoti. Wengine husema siafu, sindano, au moto. Nyama iliyokatwa huuma kwa kuvuta na kugonga, tena hupungua siku hadi siku. Mshipa wa fahamu ukiumia hulalamika kwa moto na umeme, na mara nyingi ngozi ya pale huwa na ganzi, au inakuwa kali kiasi kwamba hata mpira wa chupi huwezi kuuvumilia.

Mkato unaopita chini ya tumbo, vidole viwili hivi juu ya mfupa wa kinena, ulielezwa na daktari Mjerumani, Hermann Johannes Pfannenstiel, mwaka 1900. Ni mkato mzuri, hupona imara na hufichika. Ila kila upande wa mkato huo kuna mishipa miwili ya fahamu inayotoka juu ya kiuno, ikazunguka ubavuni katikati ya tabaka za misuli ya tumbo, ikashuka hadi kinenani, kwenye mashavu ya uke na sehemu ya juu ya ndani ya paja. Uvimbe ukiwa mkubwa, daktari hulazimika kurefusha mkato kuelekea nyongani, na huko ndiko iliko mishipa hiyo. Inaweza kukatwa, kuvutwa, au kushonwa pamoja na nyama. Wakati mwingine haiguswi kabisa siku ya operesheni, ila kovu linapokaza miezi michache baadaye ndipo linaibana.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji mashine, na kimeandikwa tangu 1926 na daktari mpasuaji John Carnett. Lala chali, mikono kifuani. Weka ncha ya kidole kimoja mahali panapouma zaidi, bonyeza kidogo, kisha nyanyua kichwa na mabega kama unayetaka kuamka. Misuli ya tumbo itakaza chini ya kidole. Maumivu yakizidi au yakibaki vilevile, inaonyesha tatizo liko kwenye ukuta wa tumbo, ndiko iliko mishipa ya fahamu na kovu. Yakipungua, daktari aangalie zaidi ndani. Hakikupi jibu lote, lakini nimeona kikiwaokoa watu na altrasaundi za kurudiarudia, ambazo mara nyingi hazionyeshi mshipa mwembamba uliobanwa.

"Mama mkwe anasema operesheni huuma mwaka mzima, nijikaze tu."

Kidonda cha juu hukauka wiki mbili tatu, na nyama za ndani huendelea kujiunga kwa wiki 6 na zaidi. Ganzi juu ya mshono au chini yake inaweza kukaa miezi mingi, na kwa wengine kiraka kidogo cha ganzi hubaki maisha yote. Kama hakiumi, kiache, hakina hatari.

Maumivu ni jambo jingine. Yakipita miezi 3 baada ya upasuaji, na hakuna sababu nyingine kama usaha au ugonjwa uliorudi, Shirika la Afya Duniani linayahesabu kuwa tatizo la kiafya lenye jina lake. Limeingizwa kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Nasema hivi kwa ajili ya wewe uliyeambiwa unajidekeza. Tatizo lako lina namba yake kwenye vitabu, lina wataalamu wake na lina dawa zake. Kujikaza kuna mahali pake, lakini mshipa unaopiga shoti kila siku huufundisha uti wa mgongo na ubongo kupokea maumivu kwa urahisi zaidi, na kadiri muda unavyopita ndivyo kazi ya kuyashusha inavyokuwa ngumu. Usingoje mwaka.

Kwa upande wa subira, jua hili: mshipa wa fahamu unaoota upya huenda kama milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 hivi kwa mwezi. Kwa hiyo ganzi inayopungua polepole, pakaanza kutekenya na kuwasha, mara nyingi ni dalili kwamba mshipa unarudi.

"Baada ya operesheni paja langu la mbele lilikufa ganzi, nikipanda ngazi goti linakunjika. Si ile sindano ya mgongo?"

Sindano ya mgongo inabeba lawama nyingi zisizo zake. Ganzi yake huisha baada ya saa chache, na madhara ya kudumu ya mishipa kutokana nayo ni nadra sana. Paja la mbele lenye ganzi na goti lisilo na nguvu ya kunyooka huelekeza kwenye mshipa mkubwa unaopita kinenani kwenda pajani. Unaweza kubanwa na vyuma vya kupanulia tumbo wakati wa operesheni ndefu, au na mkao wa kulazwa miguu ikiwa imeinuliwa na kukunjwa sana. Anayeburuza unyayo hadi ndala inamchomoka, yeye mara nyingi amebanwa mshipa pembeni chini ya goti, mahali ambapo mguu uliegemea chuma.

Nyingi za ajali hizi hupona zenyewe kwa wiki au miezi, kwa sababu mshipa ulibanwa tu, haukukatika. Lakini zinahitaji fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, mapema ili msuli usinyong'onyee, na fimbo au mkono wa mtu kwenye ngazi ili usianguke. Omba rufaa ya fiziotherapia kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani.

Ila ganzi ikiwa miguu yote miwili kama soksi, mwambie daktari kuhusu sukari, virusi vya UKIMWI, na dawa za kifua kikuu kama umewahi kuzitumia. Kuna watu wanailaumu operesheni kumbe ni kisukari ambacho hakijapimwa.

"Nikikaa tu, huku chini panachoma. Kwenye daladala nasimama hata kama siti zipo."

Pole mdogo wangu. Maumivu ya ukeni na njia ya haja yanayozidi ukikaa, yanayopungua ukisimama au ukikaa kwenye tundu la choo cha kukaa, na ambayo hayakuamshi usiku, ndiyo yanayofanya daktari afikirie mshipa wa fahamu wa sehemu za siri. Huweza kuguswa zaidi kwenye operesheni zinazofanyikia ukeni, kama za kurudisha kizazi kilichoshuka. Acha bodaboda kwa sasa. Tumia mto uliotobolewa katikati, inuka kila baada ya nusu saa, na usikubali choo kigumu, maana kujikamua huuvuta mshipa huo. Kisha umwone daktari wa wanawake, umweleze habari ya kukaa na kusimama kama ulivyonieleza mimi.

"Niliandikiwa amitriptilini. Duka la dawa wakaniambia ni dawa ya wagonjwa wa akili, nikaitupa."

Hili linaniuma, kwa sababu hutokea kila mara na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Dawa hii kweli hutibu sonona, lakini kwa dozi kubwa zaidi. Kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 10 au nusu ya kidonge cha 25 kila jioni, hutuliza mishipa ya fahamu inayopiga kelele. Daktari alipaswa kukueleza hivyo chumbani mwake, ili usije ukaelezwa vingine dirishani. Huleta usingizi, kinywa kukauka na choo kigumu. Faida yake huonekana baada ya wiki 2 hadi 6, basi usiihukumu siku ya tatu. Mweleze daktari kama una moyo unaopiga bila mpangilio, presha ya macho, ujauzito, au unanyonyesha.

Gabapentini na pregabalini ni dawa za kifafa zinazofanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Zikianza kutumika zisikatwe ghafla, na mwenye figo dhaifu apunguziwe dozi. Parasetamoli na diklofenaki husaidia maumivu ya nyama, kwa shoti za mshipa hazifui dafu, na diklofenaki ya kila siku kwa miezi huchubua tumbo na kudhuru figo. Tramadoli huleta mazoea mabaya, tena isichanganywe na amitriptilini bila daktari kujua. Vidonge vya vitamini B vinauzwa kwa wingi kama "dawa ya mishipa". Vinamfaa aliyepungukiwa, kwa mfano anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka, lakini B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe huharibu mishipa ya fahamu.

Niseme wazi: dawa hizi mara nyingi hupunguza, hazifuti. Mtu aliyekuwa halali akipata usingizi wa saa sita na kuweza kufua, mimi nahesabu tumefika mbali.

"Mama yangu amekuja kunikanda maji ya moto na kunifunga mkaja. Nikubali?"

Mapenzi ya mama yapokee, maji yapoze. Nilimfunga bandeji dada mmoja aliyeungua chini ya mshono, malengelenge matatu yamejipanga kama punje za mahindi. Shangazi yake alimkanda kwa taulo, akawa anamuuliza, "Joto linatosha?" naye anajibu, "Sisikii kitu, ongeza." Hakuwa jasiri, ngozi ile ilikuwa na ganzi. Palipo na ganzi, joto lipimwe kwa kiwiko cha anayekanda, wala kidonda kibichi kisikandwe kabisa.

Mkaja laini unaoshika tumbo unapokohoa au kuinuka hauna neno. Uliokazwa hadi pumzi inakuwa fupi unabana mishipa ileile tunayotaka kuipumzisha.

Kinachosaidia zaidi, kidonda kikishapona, ni kuizoesha ngozi. Chukua pamba, upitishe taratibu kuanzia mahali pasipouma kuelekea panapouma, dakika 5, mara 2 au 3 kwa siku. Baada ya siku kadhaa tumia kanga iliyofuliwa mara nyingi ikalainika, kisha taulo. Baada ya wiki 6, na mshono ukiwa mkavu, sugua kovu lenyewe kwa ncha za vidole na mafuta kidogo, ukilisogeza juu, chini na pembeni. Mwanzoni utaona halisogei, limeganda kama gundi. Likianza kuteleza, wengi huanza kupata nafuu ya kuvutwa.

"Tendo la ndoa limekuwa adhabu. Mume anadhani simtaki."

Mwambie mume, au nije nikusaidie kumwambia, kwamba kuna sababu za mwilini. Kovu la ndani juu ya uke linaweza kuuma. Misuli ya chini ya nyonga ikizoea kujikaza kwa hofu huuma yenyewe. Aliyetolewa vifuko vyote viwili vya mayai hukosa homoni, uke ukakauka na kuchubuka, na kwa hilo kuna krimu ya kuandikiwa. Msianze kabla ya wiki 6 na kabla hujapimwa. Mkianza, tumieni jeli ya maji, na mkao utakaokuacha wewe ndiye mwenye kupima kina. Vuta pumzi ya tumbo, toa taratibu, acha misuli ishuke. Shabu, ugoro na dawa za kubana uke usiviweke, vinaunguza utando ambao tayari umechoka.

"Lini nisingoje kliniki?"

Kimbia siku hiyohiyo kama una homa au mshono unatoa usaha, mguu mmoja umevimba na kuuma, pumzi inakatika, ubavu unauma pamoja na homa, au sehemu ya kukalia imekufa ganzi na mkojo hautoki. Mkojo unaovuja wenyewe mchana na usiku si udhaifu wa kawaida, unaweza kuwa fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo hadi ukeni, nayo hutibika. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam huitibu bila malipo. Na ukiona kivimbe kwenye kovu kinachouma kila siku za hedhi zinapofika, kionyeshe, kwani tishu za kizazi zinaweza kupandikizwa pale wakati wa operesheni.

"Daktari ana dakika chache. Nimwambie nini?"

Nenda na karatasi ya kuruhusiwa inayotaja operesheni na tarehe yake. Asubuhi ya siku hiyo chora kwa kalamu juu ya tumbo lako: mstari kuzunguka penye ganzi, alama ya mkasi penye shoti. Kisha uliza maneno haya: "Je, inaweza kuwa mshipa wa fahamu wa ukuta wa tumbo, na naweza kuchomwa sindano ya ganzi hapo?" Sindano hiyo ni kipimo na tiba kwa pamoja. Maumivu yakiondoka kwa saa chache, mshipa umejulikana, na ikirudiwa wengine hupata nafuu ya wiki au miezi. Wachache ambao nafuu yao haikai hufikia kufanyiwa upasuaji mdogo wa kuuachilia au kuukata mshipa huo.

Yule mama wa kuunguzwa pembeni alirudi na duara la kalamu ya bluu upande wa kulia wa tumbo, lenye upana wa kiganja. Daktari alichoma ndani ya duara. Tukakaa dakika kumi. Mama akaweka kidole pale, akabonyeza, akanitazama, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, halafu akaanza kulia, huku kidole bado kiko palepale.