Apelyido si ukoo: maana ya jina kama Dimaculangan

Kosa linaanzia kwenye tafsiri, pale tunapoiita apelyido ya Mfilipino "jina la ukoo". Mtu anakutana na Mfilipino anayeitwa Reyes au Mendoza, papo hapo anasema "ukoo wake una Uhispania ndani". Kesho anakutana na Dimaculangan, jina ambalo hajapata kulisikia, naye anaruka upande wa pili: hilo ni adimu, basi huo ni ukoo wa machifu wa kabla ya wakoloni. Kauli zote mbili zimeegemea neno ukoo, na neno hilo ndilo lisilokuwamo.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Apelyido ni jina la mwisho la Mfilipino, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo mtoto wa ndoa kwa kawaida hulichukua kwa baba yake. Ukoo kwa Kitagalogi, lugha yao kuu, ni angkan. Wenyewe wana maneno mawili kwa sababu mambo ni mawili: watu wa angkan moja wanaweza kuwa na apelyido tofauti, na watu wa apelyido moja wanaweza wasiwe na babu hata mmoja wa pamoja. Sisi tukisema "jina la ukoo" tunayafunga yote kwenye furushi moja, halafu tunashangaa mbona hesabu haitoki.

Neno apelyido lilitoka Kihispania, apellido, ambalo chimbuko lake ni Kilatini appellare, yaani kuita. Katika Kihispania cha zamani apellido lilikuwa mwito, hasa ule wa kuwakusanya watu kwenda vitani; baadaye likawa jina ambalo watu wa nyumba moja wanaitiwa. Damu haimo katika mzizi wa neno. Kilichomo ni sauti ya mtu anayeita na wengine wanaitika.

Na Wafilipino wengi waliitwa kwa mkupuo, kwa amri ya mwaka 1849. Kabla ya hapo mtu alikuwa na jina lake mwenyewe, nalo alikufa nalo. Mzazi angeweza kujulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza, sawasawa na sisi tunavyosema Mama Asha au Baba Juma. Ubatizo ukaongeza jina la mtakatifu mbele, lakini bado hapakuwa na desturi iliyoenea ya kurithisha jina la nyuma. Wengi walijichagulia majina ya ibada, de la Cruz, wa Msalaba, na de los Santos, wa Watakatifu, mpaka yakajaa kila kijiji. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matatu. Mkusanya kodi hakujua nani kalipa, na padri hakuweza kupima kama bwana harusi na bibi harusi ni ndugu wa karibu mno.

Gavana Mhispania, Narciso Clavería y Zaldúa, alitoa amri hiyo tarehe 21 Novemba 1849. (Ndiye huyu huyu aliyeifuta siku nzima: Ufilipino ilikuwa nyuma siku moja kuliko majirani zake, basi Jumatatu ya tarehe 30 Desemba 1844 ikafuatwa na Jumatano, tarehe 1 Januari 1845. Mtu wa kupanga mambo.) Pamoja na amri palikuwa na orodha ya majina kwa mpangilio wa alfabeti, zaidi ya 60,000. Yalikuwamo majina ya Kihispania, na maneno ya lugha za visiwani yaliyokusanywa na mashirika ya watawa, na ya mimea, madini, mahali na sanaa. Wakuu wa majimbo waligawa sehemu za orodha hiyo kwa miji. Mjini, mkuu wa kila barangay, yaani kitongoji, alikuwapo na watu wake, wakuu wa familia wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akachagua au akapewa jina, likaandikwa kwenye daftari. Watoto wakafuata la baba. Walimu wa shule wakaagizwa wahakikishe mtoto anaitwa kwa jina jipya na si vinginevyo.

Angalia kilichotokea pale ambapo mji ulipewa kurasa za herufi moja. Katika mji wa Oas, jimbo la Albay, majina ya wenyeji yamejaa R. Kisiwani Banton, jimbo la Romblon, ni F: Fabella, Faigao, Fetalvero, Festin. Mfilipino anayezijua sehemu hizo akisikia Fetalvero anauliza Banton kabla hajauliza jambo lingine. Jina linamtaja mtu alikotoka, pengine kwa usahihi kuliko lafudhi yake. Lakini linachotaja ni ukurasa uliofika kwa mkuu wa mji ule. Majirani wawili waliopata F hawakuwa ndugu jana yake, wala hawakugeuka ndugu kesho yake.

Hata shujaa wa taifa lao yumo humo. Familia ya José Rizal ilikuwa ya Mercado, "soko", jina alilolichukua babu yao Mchina, Domingo Lam-co. Baada ya amri ya 1849 baba yake, Francisco, akaongeza Rizal, lililotokana na neno la Kihispania la shamba linalochipua upya. José akaandikishwa shuleni Manila kama Rizal. Kaka yake Paciano alikuwa akijulikana kama Mercado na alikuwa na uhusiano na padri José Burgos, aliyenyongwa na wakoloni mwaka 1872, kwa hiyo jina la Mercado lilikuwa mzigo. Baba mmoja, mama mmoja, nyumba moja kule Calamba, apelyido mbili. Anayetafuta ukoo wa "Rizal" nyuma ya 1849 anatafuta maji kwenye pakacha.

Sasa tuje kwa Dimaculangan, kwa kuwa ndilo linalowapoteza watu kwa upande wa pili.

Kwanza litamke vizuri. C pale ni k tupu: tahajia ya Kihispania haikuwa na kazi na k, na majina yalibaki na sura hiyo hata baada ya Kitagalogi kuanza kuandikwa kwa k. Ng ya Kitagalogi daima ni ng' yetu, ya ng'ombe. Wakitaka ng ya ngoma wanaandika ngg. Kwa hiyo ni Di-ma-ku-la-ng'an. Ndani yake kuna di, kikanushi. Ma-, kiambishi cha uwezekano. Na kulangan, kumpa mtu pungufu, kutoka kulang, pungufu. Kiingereza huhangaika na jina hili kwa sentensi nzima, lakini sisi tuna kauli ya kutendeka, na ha- mbele yake: Hapunjiki.

Ukishalipata hilo, kabati zima linafunguka. Dimayuga, Hatikisiki. Dimaguiba, Habomoleki. Dimatulac, Hasukumiki. Dimalanta, Hanyauki. Dimaano limejengwa juu ya ano, "nini": hawezi kufanywa kitu. Rizal mwenyewe alipojiunga na Wamasoni (Freemasons) alijiita Dimasalang, Hagusiki, na leo kuna mji wenye jina hilo katika jimbo la Masbate. Ni majina ya kujigamba, ya wanaume waliotaka kuogopwa, na maskani yake makubwa ni Batangas, kusini mwa Manila. Wana ndugu zao wa Maca-, "awezaye": Macatangay, awezaye kubeba na kuondoka nacho; Macapagal, awezaye kuchosha, jina la marais wawili, baba na binti. Na wapo wa Gat-, cheo cha ubwana, kama Gatmaitan na Gatdula.

Yalisalimika vipi? Amri ilikuwa na mlango. Familia iliyoweza kuthibitisha kwamba imetumia jina lake kwa vizazi vinne iliruhusiwa kubaki nalo, isipokuwa yale yaliyozagaa mno kama de la Cruz na de los Santos. Waliokuwa na uwezo wa kuthibitisha hivyo mara nyingi walikuwa watu wa nyumba za wakubwa, ambao madaftari ya kodi na kanisa yaliwataja kwa vizazi. Hapa ndipo hadithi ya machifu inapopata mguu mmoja wa kusimamia.

Mguu wa pili haupo. Orodha ya Clavería nayo ilijaa maneno ya Kitagalogi na ya lugha nyingine za visiwani. Familia iliweza kabisa kupata jina la kienyeji mwaka 1850 kutoka kwenye karatasi ileile iliyowapa jirani zao la Kihispania. Mlio wa jina, kwa hiyo, hautoshi kwa upande wowote. Wala usiende mbio na -son au -zon ya mwisho ukidhani ni ya Kizungu: Tuazon, Dizon na Lacson asili yao ni Kihokkien, lugha ya wahamiaji kutoka Fujian, na maana zao ni mjukuu mkubwa, mjukuu wa pili na mjukuu wa sita.

Kinachotosha ni kitabu cha ubatizo. Unachukua parokia moja, unaanza na miaka ya 1850 na kurudi nyuma kuelekea 1830, ukimfuata mtu mmoja na si jina. Baba aliyebatiza mtoto 1846 na mwingine 1852 ndiye shahidi wako: kama jina lake ni lilelile pande zote mbili za amri, umepata jina lililokuwapo, kama limebadilika, umeona orodha ikifanya kazi. Wengi hukosea hapa kwa kutafuta apelyido yao kabla ya 1849, wasiione, wakaamua kwamba familia ilihamia kutoka kwingine. Familia ilikuwepo palepale, kwa jina lingine, labda mistari miwili juu. Na usisahau kuangalia c, k na qu, gi na gui; karani aliandika alivyosikia.

Kuhusu uadimu, sensa ya 2020 ilihesabu watu 109,035,343. Jina lenye watu 11,000 bado ni la mtu mmoja kati ya kila 10,000, ni adimu kwa kiwango chochote, na bado linaweza kuwa la kila duka katika mji wake. Adimu huko maana yake hasa ni kwamba halijatawanyika. Tovuti zinazopanga majina kwa idadi huongeza mkorogo kwa kuhesabu Dimaguiba na Dimagiba kama majina mawili, na dela Cruz, de la Cruz na Delacruz kama matatu. Likionekana ng'ambo, halijaanguka kutoka mbinguni: mji wa Mabini, Batangas, umepeleka watu wengi Italia kiasi cha kuitwa Italia Ndogo, basi jina la Batangas likizidi kule usitafute baharia wa Kiitalia.

Kuna na sheria. Mtoto wa nje ya ndoa kwa kawaida huchukua jina la mama. Tangu 2004 anaweza kutumia la baba aliyemkubali. Mke anaruhusiwa, halazimishwi, kuchukua jina la mume. Mahakama ya Juu ililisema hilo tena mwaka 2010. Kila kanuni ya namna hii inasukuma jina upande mmoja na kulifuta upande mwingine, bila damu kuhama.

Mahali pa kuumia zaidi ni jina la kati, hasa kwa wenzetu wanaofanya kazi na Wafilipino Muscat, Doha au Dubai na kuwajazia fomu. Kwetu, na kwa Waarabu, jina la pili ni la baba. Kwa Mfilipino ni apelyido ya mama kabla hajaolewa. Pasipoti yao imeliandika wazi: panggitnang apelyido, apelyido ya katikati. Maria Dimaculangan Reyes si binti wa Bwana Dimaculangan. Baba yake ni Reyes, na Dimaculangan ni upande wa mama. Akiolewa na Santos na kuchukua jina lake anakuwa Maria Reyes Santos, na Dimaculangan linatoweka kwenye karatasi, ingawa bibi, wajomba na nyumba ya Batangas wako palepale. Ukijaza Dimaculangan kwenye nafasi ya jina la baba, cheti cha kuzaliwa kitakukatalia, na fomu itarudi.

Kwa hiyo, ukiandika kuhusu Mfilipino, "jina la familia" linafaa, na apelyido lenyewe linafaa zaidi. Ukoo mwachie angkan. Na ukitaka kujua angkan ya Dimaculangan fulani, muulize kwanza parokia ya bibi yake ni ipi.