Futeni hilo jedwali: "in" si "ndani"

Jedwali la vineno vya Kiingereza limerudi tena. Safari hii limeletwa na mama anayeuza vitenge, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na alinionyesha kwa furaha ya mtu aliyeokota noti barabarani. "Mwalimu, humu vimo vyote." Nikatazama. Vilikuwemo kweli. In ni ndani. On ni juu ya. At ni kwenye. To ni kwa. By ni na. Ni picha ileile ninayoletewa kila muhula, imerushwa kikundi hadi kikundi mpaka herufi zimeanza kufifia, na hakuna anayejiuliza aliyeitengeneza alikuwa anajua nini.

Mimi nafundisha Kiingereza madarasa ya jioni hapa Kampala. Wengi wa wanafunzi wangu ni Wakongomani, na wapo Watanzania wachache waliokuja kwa biashara. Vitenzi wanavijua. Go, went, gone wanaziimba kama watoto wa chekechea. Wanakwama kwenye vineno vya herufi mbili tatu, na mimi nakwama kwenye imani yao kwamba kineno kikiwa kidogo basi maana yake nayo ni moja tu, na mwenzake yuko mahali fulani kwenye Kiswahili anasubiri kutajwa.

Hayupo. Angalieni kwanza lugha yetu wenyewe. Niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani: -ni ileile mara tatu. Mwingereza hapo atasema at home, kisha home tupu bila kitu mbele yake, kisha from home. Hiyo -ni utaiandika mstari gani wa jedwali? Kwetu kazi ya kuonyesha mtu anaelekea wapi hufanywa sana na kitenzi chenyewe. "Amehama Goma, amehamia Mbarara": to haipo, from haipo, kuna i moja tu iliyoingizwa tumboni mwa kitenzi, na kila mtu ameelewa nani katoka wapi na kaenda wapi. Kiingereza hakina i hiyo. Vitenzi vyake havinyambuliki, vigumu kama mawe, kwa hiyo wenyewe wanavizungushia vineno. Kuuliza to ni nini kwa Kiswahili ni kama kuuliza i ya hamia ni nini kwa Kiingereza.

Na msidhani ni ugonjwa wa upande mmoja. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi, Julai 2022, nimepata na Waganda wanaotaka niwafundishe Kiswahili, nao wanakuja na jedwali lilelile limegeuzwa. "Niko kwa nyumba." "Naenda kwa soko." Nyumba si mtu jamani, haina kwake.

Turudi kwa in. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Bukavu, alipeleka mtoto kliniki. Akaambiwa: The doctor will see you in two hours. Akaketi na jedwali kichwani: ndani ya saa mbili. Maana yake wakati wowote kuanzia sasa hivi. Hakwenda kunywa chai, hakwenda kununua nepi, na kila baada ya dakika kumi yuko dirishani kwa nesi anauliza zamu yake. Nesi alichosema ni kwamba saa mbili zikiisha ndipo daktari atamwona, hapo katikati yuko huru kwenda zake. Angetaka kusema ndani ya saa mbili, angesema within. Halafu, ili mimi nionekane mwongo, Mwingereza huyohuyo atasema I cleaned the house in two hours, na hapo saa mbili ni muda uliotumika, kazi imeingia humo ikaisha, "ndani" inakaribia kuwa sawa kabisa. Wenyeji wengi hapa wanaukwepa mtego wote kwa kusema I will come after two hours. Mwingereza angesema in, lakini ameelewa. Siisahihishi, labda kwenye mtihani.

Kinachoninyima usingizi ni by na until. Hapa mtanivumilia.

Sisi tuna mpaka, au hadi. "Nitakuwa dukani mpaka saa kumi na moja." "Umalize mpaka Ijumaa." Tunasema zote mbili na hatugombani. Kiingereza kinazitenganisha. Fundi cherehani mmoja wa Katwe, mtu makini sana, alimwandikia mteja wake: I will be at the shop by five. Alikusudia kwamba yupo mpaka saa kumi na moja jioni, kisha anafunga. Mteja akasoma kilichoandikwa: ikifika saa kumi na moja huyu atakuwa ameshafika dukani. Akatoka Mukono na vitambaa vyake, akapambana na foleni ya Jinja Road, akafika saa kumi na moja na robo. Kufuli. Fundi alinipigia simu kulalamika kwamba mteja wake hajui Kiingereza.

Nimeeleza jambo hili kwa michoro, kwa kalenda, kwa vijiti vya kiberiti. Kilichosaidia mwishoni ni neno lenyewe. Mpaka ni mpaka. Until ni mtu anayetembea kwenda Mutukula, mpakani na Tanzania: miguu haipumziki njia nzima, anasimama akifika getini. I will wait until five, yaani nasubiri, nasubiri, nasubiri, saa kumi na moja naacha. By hajali ulitembeaje. By ni askari wa getini. Geti linafungwa saa fulani, uwe umeshapita. Umepita alfajiri, umepita dakika moja kabla, shauri yako. Finish it by Friday: ukimaliza Jumatano hakuna ugomvi. Sasa sema finish it until Friday, uone unavyomtesa mtu. Anatakiwa amalize, amalize, amalize, siku zote hizo, wakati kumaliza ni tendo la mara moja, halina miguu ya kutembea.

Tena by ya namna hii Kiswahili kinayo, tumeiacha tu kwenye barua za ofisini: kufikia. "Kufikia Ijumaa uwe umemaliza." Mwanafunzi akijizoeza kusema kufikia kwa Kiswahili wiki nzima, nyumbani, sokoni, kwa mkewe, akirudi darasani by inamtii. Ushahidi wangu ni madaftari ninayosahihisha, basi.

Isipokuwa ukikanusha. Hapo mambo yanaharibika. He didn't come until five: alikuja, ila saa kumi na moja. He hadn't come by five: saa kumi na moja ilifika hajaja, na pengine hadi leo. Kwa Kiswahili "hakuja mpaka saa kumi na moja" inabeba zote mbili, na sisi wenyewe tunaulizana, "Kwa hiyo alikuja au hakuja?" Huwa nawaambia kwamba kilichotembea kwenda getini ni kule kutokuja. Wananitazama kama mganga. Wengine wanaandika, kwa adabu.

Mengine nayapita mbio. At night lakini in the morning: kariri. Put it on, kwa nguo, neno it linakaa katikati: kariri. Discuss haitaki about, hata kama umeisikia redioni kila asubuhi. Even me I went ya mitaani ni "hata mimi" yetu, ila Mwingereza akiisikia anadhani unashangaa kwamba mtu wa namna yako naye alikwenda. You first wait imetoka kwenye sooka ya Kiganda, na kwetu ni subiri kwanza. Naipenda, siigusi nje ya barua rasmi.

Swali ninaloliogopa ni la kamunye, yaani daladala ya hapa, ambayo wenyewe tunaiita taxi. Kitabu kinasema in a car, on a bus, na sisi walimu tuna kanuni yetu: chombo unachoweza kusimama ukatembea humo kinachukua on, yaani basi, treni, meli, ndege. Unachoingia kwa kuinama ukakaa kinachukua in. Mtumbwi in, feri on. Boda ni on kwa kuwa unaipanda mgongoni. Safi kabisa. Sasa njooni Old Taxi Park. Taxi ya London ni gari dogo, in a taxi, hakuna ubishi. Taxi yetu ni ya abiria 14, ina njia yake, ina kondakta, inasimama mtu akipaza sauti "maaso awo" (hapo mbele), yaani inafanya kazi ya basi. Lakini kusimama humo huwezi, kondakta mwenyewe amekunja shingo. Jina linataka in, kazi inataka on, kichwa changu kilichogonga dari kinarudi kwenye in. Miaka yote nimefundisha in. Mwaka huu nimeanza kupitisha zote mbili, na ile kanuni ya kutembea naiona sasa ni mkongojo wa mwanafunzi tu, maana sijaona Mwingereza anayesimama mlangoni kwanza kupima dari ndipo achague neno.

Yule mama wa vitenge alisikiliza yote haya kwa subira, mkoba mapajani. Nikamwandikia sentensi nne kwenye daftari lake, mbili za by na mbili za until, zote za duka lake mwenyewe, na pembeni nikamwekea kufikia na mpaka. Akazipiga picha. Asubuhi nafungua WhatsApp, nakuta zimetumwa kwenye kikundi cha darasa. Sentensi amezitoa. Amebakiza mistari miwili, ameizungushia kisanduku chekundu: by = kufikia, until = mpaka. Chini ameandika, "Toka kwa mwalimu. Muongeze kwenye lile jedwali."